Safari ya Al Ain na Karatasi ya Kujifunzia

Huwaida aliishi Ibra, nchini Oman, na mama yake, Bi Khole. Huwaida alikuwa mshonaji. Kila Jumatano alipeleka nguo zake kwenye soko la wanawake. Siku nyingine alishona nyumbani, na mama yake akikaa karibu naye akimsimulia habari za Unguja, alikozaliwa. Kaka yake, Yaqoob, alikuwa na gari, lakini kazi yake ilikuwa mbali, kiwandani huko Sur. Alirudi Ibra siku za mapumziko tu.

Kwenda sokoni ilikuwa taabu, na kumpeleka mama hospitali ilikuwa taabu zaidi. Kwa hiyo Huwaida aliamua kujifunza kuendesha gari. Alipimwa macho, akapata karatasi ya kujifunzia. Mwalimu wake alikuwa jirani yao, Mazoon, mwanamke mwenye leseni ya kufundisha udereva. Gari la Mazoon lilikuwa na breki ya pili upande wa mwalimu. Huwaida alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa mapipa, ule wa kurudi nyuma katikati ya mapipa bila kuyagusa.

Asubuhi moja simu ililia. Alikuwa Shatha, binti wa Bi Tufool. Bi Tufool ni mdogo wake Bi Khole. Aliolewa Al Ain, ng'ambo ya mpaka, katika Falme za Kiarabu, na akaishi huko maisha yake yote.

"Mama hali yake nzito," alisema Shatha. "Yuko hospitali. Anamuulizia dada yake."

Bi Khole alisimama pale pale, akatafuta buibui lake.

Yaqoob alipigiwa simu, akafika kutoka Sur kabla ya adhuhuri. Alikuwa ametoka kazini, zamu ya usiku. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaka, umelala?" Huwaida alimuuliza.

"Nitalala tukifika."

Waliondoka. Walipita Nizwa, wakapita Ibri, wakafika mpakani. Pasi zao ziligongwa mihuri, wakavuka. Bi Khole alikaa nyuma, tasbihi mkononi. Huwaida alikaa mbele, kando ya kaka yake.

Baada ya mpaka, Yaqoob alianza kusinzia. Gari lilihama taratibu kuelekea ukingo wa barabara.

"Yaqoob," Bi Khole aliita.

Yaqoob alishtuka, akasimamisha gari pembeni. Alijipangusa uso.

"Huwaida, njoo ushike wewe."

"Sina leseni."

"Karatasi unayo. Mimi nina leseni, nitakaa kando yako. Mwanafunzi akiwa na mtu mwenye leseni, basi."

"Una hakika?"

"Watu wote wanafanya hivyo. Mama mdogo anatungoja."

Huwaida alimtazama mama yake kwenye kioo. Bi Khole aliendelea kuvuta tasbihi. Alitaka kumuona mdogo wake. Huwaida alishuka, akazunguka, akakaa kwenye usukani.

Mwanzoni barabara ilikuwa imenyooka. Yaqoob alilala mara moja. Kisha nyumba zikaanza, magari yakawa mengi, na mbele ikatokea njia ya mzunguko. Mazoon alikuwa amemfundisha kusimama na kuwapisha waliokwisha kuingia. Lakini nyuma yake lori lilimpigia honi. Huwaida aliingia katika mzunguko bila kusimama. Gari jeupe lilitoka kushoto na kuwagonga ubavuni, upande aliokaa Bi Khole.

Askari wa trafiki alikuja haraka. Aliomba leseni. Huwaida alimpa ile karatasi. Askari aliisoma, akaigeuza.

"Hii ni ya kujifunzia," alisema. "Tena ya Oman. Hapa huwezi kuendesha kwa hii."

"Mimi nina leseni," alisema Yaqoob. "Nilikuwa kando yake."

"Wewe ni mwalimu wa udereva? Una leseni ya kufundisha?"

Yaqoob alitikisa kichwa.

"Basi gari hili lilikuwa linaendeshwa na mtu asiye na leseni," alisema askari. Alisema kwa upole, na hilo liliwaumiza zaidi.

Nyonga ya Bi Khole ilivunjika. Dereva wa gari jeupe alivunjika mkono. Gari la Yaqoob lilizuiliwa, na kesi ikafunguliwa.

Bi Khole alilazwa katika hospitali moja ya Al Ain. Mdogo wake alikuwa katika hospitali nyingine, mji huo huo. Kati yao hapakuwa na mwendo mrefu. Lakini Bi Khole hakuweza kunyanyuka, na Bi Tufool hakuweza kunyanyuka.

Shatha alipiga simu ya picha kutoka upande wa pili. Aliishika simu karibu na uso wa mama yake. Huwaida aliishika nyingine karibu na uso wa Bi Khole.

"Tufool," alisema Bi Khole. "Mimi hapa. Nimekuja."

Bi Tufool alifungua macho. Midomo yake ilicheza, lakini sauti haikutoka.

Kesho yake alifariki. Alizikwa, na Bi Khole hakumuona. Alikuwa kitandani, amegeuzia uso ukutani. Huwaida alimletea chai, ikapoa. Alimletea uji, ukapoa.

Walirudi Ibra baada ya siku nyingi. Bi Khole alitembea kwa fremu ya chuma, hatua fupi fupi. Hakusimulia tena habari za Unguja. Kesi iliendelea. Kampuni ya bima iliwalipia watu wa gari jeupe matibabu na hasara yao, kisha ikamwandikia Yaqoob: dereva hakuwa na leseni, kwa hiyo yeye mwenye gari ndiye atakayerudisha fedha hizo. Yaqoob alipunguza kuja nyumbani. Akija, alikaa uani peke yake.

Huwaida aliacha kushona. Aliacha pia kwenda kwa Mazoon. Alipolisikia gari la mafunzo likipita nje, alifunga dirisha.

Siku moja Mazoon alikuja mwenyewe. Alimwamkia Bi Khole: "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," alijibu Bi Khole.

Mazoon alikaa jikoni na Huwaida.

"Sikuja kukwambia yamekwisha," alisema. "Hayajaisha. Nimekuja kwa sababu sikukufundisha jambo hili, na ilinipasa."

"Jambo gani?"

"Ile karatasi inakuruhusu kujifunza tu. Unajifunza na mwalimu mwenye leseni ya kufundisha, katika gari la mafunzo. Kaka, mume, baba, hata akiwa dereva wa miaka mingi, si mwalimu. Ndivyo ilivyo hapa Ibra, ndivyo ilivyo Nizwa, ndivyo ilivyo Sur. Ni nchi moja, sheria moja."

"Na ng'ambo?"

"Ng'ambo ya mpaka karatasi hiyo haina kazi kabisa. Leseni kamili ya Oman wanaweza kuikubali kwa mgeni aliyekuja kutembea. Karatasi ya mwanafunzi, hapana. Na bima humtazama dereva. Dereva akiwa hana leseni, bima haimlindi mwenye gari. Tena bima ya Oman si lazima ivuke mpaka. Lazima uulize kabla ya kuondoka kama inafika huko uendako. Sheria hubadilika. Mtu akitaka kusafiri, awaulize askari wa trafiki. Asiulize watu wa barazani."

Huwaida alilia. "Yaqoob alisema watu wote wanafanya hivyo."

"Wengi wanafanya. Siku mambo yakiwa mazuri, hakuna anayejua."

"Angefanya nini? Alikuwa anasinzia."

"Angesimama akalala. Au mngetafuta dereva mwenye leseni kabla ya kutoka Ibra. Mngechelewa."

"Mama mdogo angekufa tungali njiani."

"Pengine," alisema Mazoon. "Pengine asingekufa. Hilo hakuna anayelijua."

Huwaida hakurudi darasani wiki ile, wala mwezi ule. Lakini Bi Khole alikuwa na miadi ya mazoezi ya mguu katika hospitali ya Nizwa, na mara mbili walikosa gari wakabaki nyumbani. Mara ya pili, Huwaida alivaa buibui akaenda kugonga mlango wa Mazoon.

Alianza upya. Kwenye kila njia ya mzunguko alichelewa kukanyaga breki. Mazoon alikanyaga breki yake, akangoja, akasema, "Haya, tena." Huwaida alifaulu mtihani wa mapipa. Mtihani wa barabarani alianguka. Akaendelea kujifunza.

Mwaka uliofuata kesi ilikuwa imekwisha, na Yaqoob alikuwa amerudishiwa gari lake. Bi Khole alisema anataka kwenda nyumbani kwa Shatha.

Safari hii Yaqoob alichukua likizo, akalala Ibra kabla ya kuondoka. Alitazama tarehe ya leseni yake. Alikwenda kwenye ofisi ya bima, akahakikisha kuwa bima inavuka mpaka. Huwaida aliiacha karatasi yake kabatini.

Walipopita Ibri, jua lilikuwa kali, na Yaqoob alianza kupiga miayo. Hakungoja. Aliingia kwenye kituo cha mafuta, akaegesha kivulini.

"Nimechoka," alisema. "Nitalala kidogo."

Alilaza kiti. Huwaida alitazama usukani, kisha akatazama mikono yake. Muda ulipita. Magari yalikuja, yakajaza mafuta, yakaondoka. Aliogopa mama yake atasema twende.

"Mwache alale," alisema Bi Khole. "Ashibe usingizi."

Walifika Al Ain wakati wa magharibi. Shatha alikuwa mlangoni.

"Nimewangoja tangu mchana," alisema. "Nilidhani yamewafika tena."

"Hayakutufika," alisema Bi Khole. "Yaqoob alichoka, tukamngoja. Nionyeshe chumba alichokuwa akilala mama yako."

Shatha alimwongoza. Bi Khole aliingia polepole na fremu yake, akaketi kwenye kitanda cha mdogo wake, akaupapasa mto. Tangu siku ya ajali hakuwa ametoa chozi. Sasa alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Huwaida aliketi chini, karibu na miguu yake, akakaa naye.