Gari la Kukodi na Muhali wa Bwana Awadh

Jamani, nyumba ikiwa na amani husikii kitu ila vijiko. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile ya Ijumaa kwa Bwana Awadh, huku Mawaleh, nchi ya Waarabu. Vijiko vinagonga vikombe, mkate wa mofa umo siniani, na Bi Mwanamize anataja siku zilizobaki kabla hajapanda basi la umra. Arubaini na moja. Alikuwa akizitaja kila asubuhi hata kama hakuna aliyemuuliza. Pesa zake za safari, rial mia tatu, zilikuwa kwenye kadi ya mumewe, na kila mtu mle ndani alijua kwamba pesa zile haziguswi hata paa lianguke.

Binti yao Shatha, miaka kumi na sita, alikuwa pembeni, kimya. Shatha si bubu. Maneno anayo tele, ila yakifika kwenye meno yanageuka yanarudi yalikotoka. Mgeni akimuuliza yuko darasa la ngapi, anaonesha vidole.

Bwana Awadh mwenyewe mtu mwema, hana neno na mtu. Ila ana muhali. Mnaujua muhali nyinyi. Mtu akimtazama kwa macho ya kuomba, yeye hapana haimtoki. Aliwahi kununua mazulia mawili kwa muuzaji aliyegonga mlango, kwa sababu tu alishampa maji na akaona vibaya kumrudisha mikono mitupu. Ramadhani iliyopita alifuturu nyumba tatu kwa jioni moja, usiku akalala kwa kukaa.

Basi vijiko vile vikanyamaza simu ilipolia. Alikuwa Muhanna, kaka yake Bi Mwanamize, anapiga kutoka Unguja.

"Shemeji, nnakuja Jumatatu. Siku kumi tu. Nataka nipate gia boksi ya gari langu hapo Ghala kwenye maduka ya spea, na niwatembelee watu wote."

"Karibu, karibu sana!" akasema Bwana Awadh. Alipokata simu akakumbuka kwamba gari lake liko kwa fundi, huko Wadi Kabir, limefunguliwa tumbo.

Ikabidi wakodi gari. Na kwa kuwa mgeni ni shemeji, wakakodi kubwa, lile la kupandia kwa ngazi.

Kijana wa ofisi ya kukodisha akawaeleza vizuri. Gari lina bima, lakini likigongwa kwa kosa lako wewe uliyekodi, rial mia tatu za mwanzo ni zako. Hizo wanazifungia kwenye kadi mpaka gari lirudi zima. Ukitaka usiwe na wasiwasi, ongeza rial sita kila siku. Kijana akatabasamu. Bwana Awadh akatabasamu, mkono ukaanza kutafuta kalamu.

"Sitini!" Bi Mwanamize akamshika mkono. "Baba Shatha, sitini kwa tabasamu tu?"

Hapo Shatha akamsogezea mamake simu. Alikuwa ametafuta tangu usiku. Kumbe yapo makampuni mengine kabisa, yasiyokuwa na gari wala ofisi ya kukodisha, kazi yao ni kukulinda na zile mia tatu tu. Rial kumi na moja kwa siku zote kumi. Bi Mwanamize akasoma, akamsomea mumewe: bima hiyo uinunue kabla hujachukua ufunguo. Anayeendesha awe ndiye aliyeandikwa. Ukigonga, unamlipa mwenye gari kwanza, halafu wao wanakurejeshea, ila uwaletee mkataba, risiti, picha na karatasi ya polisi iliyoandikwa ndani ya siku moja.

"Karatasi ya polisi ya nini?" akasema Bwana Awadh. "Kwani nani atagonga?"

Wakainunua palepale, jina lake mwenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana muhali ni kama shanga, ukikatika uzi mmoja zote zinamwagika.

Jumanne, Muhanna keshafika, akalizunguka lile gari, akalipapasa, akasema, "Shemeji, hebu nikuendeshee leo. Wewe pumzika."

Bwana Awadh mkono ukaenda mfukoni. Shatha akamvuta mamake nguo.

"Ufunguo urudi mfukoni," akasema Bi Mwanamize. "Kaka Muhanna, jina lako halimo. Ukigonga wewe, umra yangu imekwenda."

"Mimi nigonge? Nimeendesha miaka thalathini mimi! Nimepita Darajani siku ya mkesha wa Idi!"

"Hata ungepita juu ya uzi. Halimo."

Muhanna akacheka, akapanda nyuma. Lakini Bwana Awadh roho ikamuuma. Njia nzima mpaka Ghala anamtazama shemeji yake kwenye kioo kama mtu aliyemnyima maji. Akawa anatafuta namna ya kumfidia.

Akaipata. Walipofika kwenye maduka ya spea, pakawa na nafasi moja tu ya kuegesha, ya kuingia kwa rivasi. Muhanna akaruka chini, akasimama nyuma, pembeni ya gari, akainua mikono. "Njoo shemeji! Njoo, njoo, mimi nakuongoza!"

Gari lile lina kamera. Lina na kengele ya kukuonya. Kamera ikaonesha kigari cheupe kimeegeshwa nyuma, mstari ukawa mwekundu, kengele ikapiga kelele, pi-pi-pi-pi.

"Baba Shatha, linalia," akasema Bi Mwanamize.

"Nasikia."

"Basi simama!"

"Shemeji anasema njoo. Nikisimama ataona simuamini."

Na Muhanna, masikini ya Mungu, wakati ule alishageuza uso. Alikuwa ameiona gia boksi yake imetundikwa mlangoni mwa duka. Mdomo ukawa unaendelea wenyewe, "Njoo... njoo..."

Ikaja sauti kama ya kopo la maziwa ya unga likikanyagwa. Bampa la gari la kukodi likapasuka, taa ya nyuma ikamwagika chini. Kigari cheupe ubavu wote ukaingia ndani. Na kilikuwa kimetoka kupakwa rangi asubuhi ile ile, hata karatasi za fundi hazijabanduliwa.

Ndani yake akashuka mwanamke wa makamo, buibui limemwagikiwa na kahawa aliyokuwa akiinywa. Akaanza kwa Kiarabu, cha moto. Bwana Awadh akajibu kwa Kiarabu, cha baridi. Shatha akashuka polepole, akapiga picha, moja, mbili, nane, kwa kuwa kupiga picha hakuhitaji maneno.

Mwanamke akashika kichwa, Kiswahili kikamponyoka. "Lahaula! Mtihani gani huu, ya Rabbi!"

Bwana Awadh akakiacha Kiarabu. "Ah! Bibi wa wapi wewe?"

"Wa Unguja mimi, Kikwajuni."

"Mimi pia Kikwajuni! Mtoto wa nani?"

"Wa Bi Khawla, aliyekuwa akikaa karibu na kisima. Mimi Mahfudha."

"Bi Khawla?" Bwana Awadh akasogea karibu. "Bi Khawla ndiye aliyeninyonyesha wiki tatu mamangu alipopatwa na homa ya matumbo!"

Bi Mahfudha akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye Awadh? Yule aliyekuwa akiuma kama panya? Mama alikuwa akikutaja mpaka siku aliyokufa!"

"Ndiye mimi!" akasema, kama mtu aliyepewa nishani.

Akamshika mikono yote miwili, wakaanza kulia. Bi Mwanamize alipoona mumewe kamshika mikono mwanamke katikati ya Ghala, alishuka garini na kiatu kimoja.

"Mama Shatha, usikasirike! Ndugu yangu wa ziwa huyu, nimenyonya kwa mamake!"

"Basi muulize ndugu yako wa ziwa habari ya polisi."

"Polisi?" Bwana Awadh akashusha sauti. "Nimpeleke polisi ndugu yangu? Aibu iliyoje!"

"Gari ni bati tu," akasema Bi Mahfudha haraka haraka. "Twendeni nyumbani, kahawa iko tayari. Hapo Azaiba tu."

Wakaenda. Taa inaning'inia kwa waya, ubavu unagonga tairi, lakini wakaenda. Nyinyi mnaosoma msicheke sana. Mara ngapi na nyinyi mmemwambia mtu "si kitu, si kitu," na moyoni ni kitu hasa?

Kwa Bi Mahfudha ikaja kahawa, ikaja halwa, zikaja tende, yakaja na maalbamu ya picha. Adhuhuri ikapita. Muhanna alikuwa anakula halwa kama mtu asiyekuwa na hatia. Bwana Awadh anacheka, lakini jasho linamtoka. Kila Shatha akimtazama Bi Mahfudha anamuona naye anachungulia dirishani, kule kilikoegeshwa kigari, halafu anasema, "Ongezeni tende."

Asri ikaadhiniwa. Bi Mwanamize akaacha kula. Kakaa na mikono mapajani, na Shatha akaona midomo ya mamake inacheza. Anahesabu siku. Safari hii hakuzitamka.

Hilo ndilo lililomuuma Shatha. Mamake mwenyewe, mwenye ulimi wa kukata nazi, kaingiwa na muhali kwa sababu ya kahawa ya watu! Akawafikiria wote mle ndani, wakubwa watatu na mwenye nyumba wa nne, hakuna wa kusema. Abaki nani? Akasimama. Sinia la vikombe lilikuwa mikononi mwake, akaliweka chini.

"Shangazi."

Watu wakageuka. Bi Mahfudha ndiyo kwanza asikie sauti yake.

"Shangazi, samahani. Tunakupenda. Lakini tunataka karatasi ya polisi. Bila ya karatasi bima haitulipi, na pesa ni za umra ya mama. Na... na halwa nzuri."

Bwana Awadh akafunga macho. Bi Mahfudha akaweka kikombe chini, akajipiga paja.

"Alhamdulillahi! Nimekaa juu ya moto tangu saa sita mimi! Gari si langu lile, la mwanangu Samir. Kesho analitaka. Na fundi gani atakayeligusa bila ya karatasi ya polisi? Nikasema, nitamwambiaje Awadh, kanyonya kwa mamangu!"

"Na wewe ulikuwa unaitaka?" Bwana Awadh akafungua jicho moja.

"Kuliko wewe!"

"Basi mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Bi Mwanamize akawa ameshavaa viatu, safari hii vyote viwili.

Kituoni wakafika kabla ya magharibi. Mngedhani mambo yamekwisha. Askari, kijana mpole, akauliza kwa Kiarabu kosa la nani.

"Langu," akasema Bwana Awadh. Na kweli lilikuwa lake.

"La, langu," akadakia Bi Mahfudha. "Mimi nilisimama vibaya."

"Wallahi langu!"

"Usiape! Langu!"

"Langu mimi," akasema na Muhanna kutoka nyuma, "nilikuwa naitazama gia boksi."

Askari akaweka kalamu. Akasema katika kazi yake kaona watu wanagombana kwa kulikataa kosa, hajaona wanaligombania kama nyama ya akika. Bi Mwanamize akapiga hesabu yake. Ikiandikwa uongo, bima haitoi hata baiza. Shatha hakungoja safari hii. Akaiweka simu mezani. Picha zikaonesha wazi: kigari kimeegeshwa ndani ya mistari yake, gari kubwa limekiingia ubavuni. Askari akaandika yaliyokuwepo.

Alipokuwa akigonga muhuri, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili safi, "Poleni wazee wangu."

Bwana Awadh macho yakang'aa. Akavuta kiti. "Kumbe unakijua! Eh, mwanangu, wewe mtoto wa..."

Bi Mwanamize akamziba mdomo kwa mkono wote. "Usimuulize! Tukikuta ndugu hapa hatutoki na karatasi!"

Gari liliporudishwa, mia tatu zikakatwa, bima ya wenye gari ikalipa lililobaki pamoja na kigari cha Samir, na kwa wiki mbili na nusu Bi Mwanamize alikuwa akimjibu mumewe kwa kichwa tu. Shatha aliitumia ile kampuni ya rial kumi na moja karatasi zote, mkataba, risiti, picha na ile yenye muhuri. Siku ya kumi na nane pesa zikarudi, kamili. Bi Mwanamize alipanda basi lake. Bi Mahfudha alikaa kiti cha pembeni yake, maana alipoalikwa alisema moja kwa moja, "Nataka, na nataka dirishani."

Mafunzo

Ndugu zangu, muhali tunauita adabu, lakini si adabu. Adabu ni kumuheshimu mwenzako. Muhali ni kumuogopa, na mara nyingi naye anakuogopa wewe, mkabaki wawili mnanyweshana kahawa huku mnaungua. Bwana Awadh alikuwa na bima nzuri ya bei rahisi, na ingemfaa nini kama asingethubutu kuomba karatasi?

Ukikodi gari, soma kabla hujachukua ufunguo, na ujue zile pesa za mwanzo atazilipa nani. Asiyeandikwa asiendeshe, hata akiwa shemeji. Ukigonga, kwanza karatasi, halafu kahawa. Na kengele ikikulilia simama, aliye nyuma atakusamehe.

Na nyinyi mnaonyamaza vikaoni kwa haya, semeni. Neno la kweli likisemwa kwa upole halivunji udugu. Sauti ikitetemeka, itetemeke tu, madhali imetoka.