Rafiki kwa Kituruki

"Rudia ulivyoniita jana."

"Rafiki yangu," kijana akajibu, macho kwenye kompyuta.

Jana alimtambulisha binti hivyo kwa mama yake, na wamependana miaka mitatu. Wote wawili ni wahariri wa kamusi, meza zao zinatazamana. Kijana huitwa Profesa kwa sababu ya mdomo, si shahada. Binti ameitiwa kazi mji mwingine, na leo jioni lazima atoe jibu.

"Sikiliza basi," Profesa akasema. "Neno limetoka Kiarabu, rafiki ni mwenzi wa safari. Kiajemi, mtu mnayeshibana. Waturuki wa zamani wakisema refika, walimaanisha mke. Sasa nimekukosea wapi?"

"Mama yako ni Mturuki?"

Profesa akakohoa.

"Hapa kazini maana haiingii kamusini mpaka ipatikane sentensi ambayo mtu kaisema kweli," binti akasema. "Niletee moja. Uliyowahi kumwambia mtu yeyote kunihusu."

Profesa akageukia kompyuta. Mtu wa maneno vile kukosa sentensi moja, kulimuuma binti kuliko jibu lolote. Akachukua simu, akaandika: "Nimekubali kazi. Nitaripoti..."

"Subiri."

Profesa akapiga simu, akaweka spika.

"Mama, yule wa jana."

"Rafiki yako?"

"Niliogopa kusema, mama. Nampenda. Nataka kumuoa."

"Kwa hiyo ulinidanganya mimi, na mtoto wa watu ukamwaibisha?"

"Ndiyo, mama."

"Yuko hapo?"

"Shikamoo, mama," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Jana uliingia jikoni ukaosha vyombo vyote, nikajua. Nilikuwa nangoja huyu afungue mdomo. Sasa usimjibu haraka. Na yeye akae roho juu kidogo."

Simu ikakatika.

"Umemwambia mama," binti akasema. "Mimi hujaniuliza."

"Utakubali nikuoe?"

"Si umemsikia mama?"

Akafuta ujumbe aliokuwa ameuanza, akaandika mwingine: "Asanteni sana. Nabaki nilipo." Akautuma bila kumwonyesha mtu.

Profesa alikaa roho juu mpaka Jumapili. Alijibiwa jikoni kwa mama yake, yeye mwenyewe mikono yote miwili ikiwa kwenye beseni la vyombo.

"Ndiyo," binti akasema, akampa sahani nyingine. "Na hii suuza vizuri."