Joto la Kiti cha Nyuma

Haya sikusimuliwa na mtu, maana nilikuwa ndani ya gari lenyewe. Ni la dada yangu. Alilinunua likiwa limetumika, na kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa hita, ambayo ilitupulizia baridi kama ina ugomvi nasi. Ningesema si neno, lakini asubuhi za huku kwetu meno yanagongana, na mpwa wangu, mtoto wa miaka minne, kifua kinamsumbua tangu azaliwe. Daktari alishaonya kwamba baridi ikimwingia tena, huenda asipone.

Tukalipeleka gari kwa fundi tunayemwita Bisibisi, mtu mwenye maneno mengi kuliko vifaa. Alikagua maji ya rejeta, akapapasa mipira, mwishowe akafungua dashibodi na kuing'oa hita yenyewe, imeoza kwa kutu. Akabaki nayo ili akaitafutie mwenzake madukani. Mipira akaiziba, akatuomba tuvumilie siku chache.

Kesho yake, tukimpeleka mtoto shule, hewa ya moto ikaanza kutoka. Dada alicheka, akasema Bisibisi ana mkono wa baraka hata akiwa hayupo. Tukafungua makoti. Mpwa wangu, aliyekuwa akiimba kule nyuma, akanyamaza. Tulidhani joto limemlaza.

Tukapitia gereji kumtania Bisibisi. Hakucheka. Hita yetu ilikuwa mezani kwake, juu ya gazeti. Akafungua boneti, akakuta mipira imezibwa vilevile alivyoiacha. Akazima injini. Hewa ikaendelea kutoka, ya moto.

"Joto halizuki tu," akasema kwa sauti ndogo. "Lazima litoke mahali."

Akamshika dada mkono. Una joto. Akanishika mimi. Una joto. Kisha sote watatu tukageuka nyuma.

Macho ya mtoto yalikuwa wazi. Midomo ya kijivu. Nilimgusa shavu, lilikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Bisibisi akapanda nyuma, akapiga goti kitini na kufungua mkanda, dada akamvuta mwanawe nje. Papo hapo hewa ikawa baridi.

Halafu ikaanza kupata moto tena. Goti la Bisibisi lilikuwa bado kwenye kile kiti.

Alitoka mbio, akaubamiza mlango. Gari liko nyuma ya gereji yake mpaka leo, na hataki hata kuliosha.

Hospitalini walimfunika mtoto mablanketi mpaka akarudiwa na rangi. Ugonjwa wenyewe hawakuupa jina. Tulimshukuru Mungu, tukaona yamekwisha.

Juzi akashikwa na homa. Mwili mzima ulikuwa unawaka, ila sehemu moja mgongoni, upana wa kiganja, ilikuwa na baridi ileile. Niliogopa, sitaficha. Hata hivyo niliweka mkono wangu wa kulia pale. Vidole vikaanza kufa ganzi. Nilipotaka kuutoa, akaninong'oneza bila kufumbua macho.

"Mjomba, uache hapohapo. Sasa ndio napata joto."

Nikauacha. Kulipokucha homa ilikuwa imeshuka, na mgongo wake ulikuwa na joto kote. Leo anacheza uani, namsikia anaimba. Haya nayaandika kwa mkono wa kushoto.