Mhuri wa Kitanda cha Saba

Katika damu ya kila mgonjwa wa wodi ile ya ghorofa ya arobaini ziliogelea chembepigo, vijimashine vidogo kuliko vumbi la unga. Kazi yao ilikuwa kusikiliza moyo na kulipiga kila tukio mhuri wa wakati: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Roboti wauguzi waliusoma mhuri huo na kuutii. Binadamu aliyebaki katika zamu ile alikuwa mmoja tu, Hidaya, fundi wa programu.

Asubuhi hiyo alikuwa na furaha zake. Wagonjwa wazee walikuwa wamelalamika weee kwamba saa za mtambo ni za kizungu, ilhali wao wanahesabu tangu macheo. Basi Hidaya akaandika mstari mmoja wa kupunguza saa sita, akauwasha. Mlalamikaji mkuu alikuwa mama yake mzazi, Bi Mwanakombo, aliyelazwa kitanda cha saba.

Saa ya ukutani ilionyesha 9:40 pale kioo cha mtambo kilipoandika: KITANDA 7. MOYO UMESIMAMA. 15:40:12.

Hidaya akaitazama saa tena. Mtambo umekijuaje kifo cha alasiri? Akampigia simu fundi mwenzake wa zamu nyingine, Shemdoe, aliyekuwa mapumzikoni.

"Kaka, mtambo unatabiri! Unasema mama atakufa leo saa tisa na dakika arobaini!"

"Acha wewe! Mashine na utabiri wapi na wapi? Kaangalie mstari wako, dada. Si ajabu umejumlisha badala ya kutoa."

Akaangalia. Loo! Kweli, alama ya kujumlisha ilikuwa imekaa hapo, imemkodolea macho. Hidaya alicheka mpaka machozi yakamtoka, kwa aibu na kwa nafuu. Akaifuta, akaandika ya kutoa, akaujaribu mstari mara mbili, maana hakupenda kazi ya ovyoovyo.

Mhuri ukajirekebisha: 03:40:12. Saa tatu na dakika arobaini, asubuhi.

Akageuka kuitazama saa ya ukutani. Ilionyesha 9:46; dakika sita zilikuwa zimepita.

"Mama!" Alitoka mbio, viatu akaviacha chini ya meza.

Roboti wawili walikuwa wameinama juu ya kitanda cha saba, wakikibonyeza kifua cha Bi Mwanakombo. Kisha wakaacha.

"Pole sana, dada," mmoja alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Taarifa tuliipata mapema. Ilisema alasiri, tukawa tunaisubiri."

Hidaya akaushika mkono wa mama yake. Ulikuwa bado una joto.