Gundi Iliyogeuka Nyeupe

Kila siku kabla ya kwenda shule, Ankunda alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko kufagia uwanja au kuchota maji. Alifuta kioo cha mbele cha gari la baba yake. Asubuhi za Bugene zina ukungu mzito, na kioo kiliamka kimelowa kana kwamba mvua imenyesha. Ankunda alifudikiza ndoo, akapanda juu yake, akafuta kwa kitambaa huku maswali yakimtoka mfululizo. Umande unatoka wapi, juu au chini? Mbona kioo kinaonyesha ng'ambo na sahani haionyeshi? Baba yake, Jovitus, alijibu aliyoyajua. Yaliyomshinda alisema, "Hilo kamuulize mwalimu wako."

Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe, kuukuu lakini ngangari. Kila asubuhi Jovitus na mwenzake Muhangi, baba wa watoto watatu, walikwenda nalo Nyabiyonza kuchukua maziwa ya wafugaji. Iliwapasa kuyafikisha kwenye kituo cha kukusanyia maziwa Kayanga kabla jua halijawa kali, la sivyo yangechacha.

Jumanne moja gari lilirudi na jeraha. Lori lililowatangulia njiani lilirusha kokoto, ikagonga kioo cha mbele upande wa abiria. Palibaki kidonda kidogo kama punje ya harage, chenye miale kama nyota.

"Jumamosi tutalipeleka kwa fundi Sperancia," alisema Jovitus. "Mpaka siku hiyo, mtu asiiguse hiyo nyota."

Ankunda alisikia vizuri kabisa. Lakini alipopitisha kidole nje ya kioo, alihisi kishimo. Alipoingia ndani ya gari na kupapasa mahali palepale, kioo kilikuwa laini kama uso wa maji. Jiwe limeumiza nje, ndani limeshindwaje? Swali hilo lilimkaa kichwani siku mbili nzima.

Alhamisi alasiri uvumilivu ulimwisha. Alichukua kichupa cha gundi kali ambayo mama yake alibandikia soli za viatu, akadondosha tone moja ndani ya kishimo. Alitaka kuona kama nyota itajaa na kutoweka. Badala yake gundi iligeuka nyeupe, kama jicho la ng'ombe mwenye mtoto wa jicho. Aliikwangua kwa ukucha. Haikubanduka.

Ijumaa alfajiri alichota maji yaliyokuwa yakichemka jikoni, akayamimina juu ya kioo baridi ili kuilainisha gundi. Akasikia, "Ta!" Mwale mmoja wa nyota ulikimbia mbele ya macho yake, ukawa ufa mrefu kama kidole.

Ankunda aliruka kutoka kwenye ndoo na kukimbilia nyuma ya jiko. Kutoka huko alimwona baba yake akitoka nje, akiinama mbele ya gari, kisha akimgeukia Muhangi aliyekuwa akisuuza madumu ya maziwa kwa maji ya moto, kama afanyavyo kila siku.

"Muhangi! Umerushia kioo maji ya moto?"

"Hapana, Baba Ankunda. Madumu nimeyaoshea huku huku."

"Basi kimepasuka chenyewe?"

Muhangi alipakia madumu, akapanda, na gari likaondoka bila vicheko vyao vya kawaida. Siku ile shuleni Ankunda alipanga mara kadhaa maneno ya kusema akirudi nyumbani, lakini jioni alipomwona baba yake, maneno yote yalitawanyika.

Jumamosi, baada ya kushusha maziwa Kayanga, walikwenda kwa fundi Sperancia. Ankunda alikuwa ameomba kufuatana nao, akaketi katikati ya wanaume wawili wasiozungumza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kujifunza kazi?" Sperancia alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alimpa Ankunda lenzi ya kukuzia. "Haya, chungulia."

Kwenye lenzi, nyota ilikuwa kubwa kama bonde. Ankunda alisahau hofu yake. "Fundi, mbona ndani ya gari hakujaumia?"

"Swali zuri! Hiki si kioo kimoja. Ni viwili, na katikati yake kuna plastiki, kama biskuti yenye krimu. Jiwe limeumiza biskuti ya juu tu. Ndiyo maana naweza kutibu. Natoa uchafu, navuta hewa iliyojificha, kisha naingiza dawa nyepesi kama maji, inayoganda ikipigwa na mwanga."

Alichukua sindano nyembamba akachokoa kishimo. Mkono ukasimama.

"Hapa pamepakwa kitu," alisema polepole. "Ni nini?"

"Hakuna aliyepagusa," alijibu Jovitus.

"Jovitus, mimi nauliza kama mganga anavyomuuliza mgonjwa. Kama ni nta, ina njia yake ya kuitoa. Kama ni gundi, ina njia nyingine. Nikibahatisha, ufa huu utakimbia hadi ukingoni, na kioo kizima kitakuwa cha kubadilisha. Kuagiza kingine Mwanza ni wiki nzima."

Wiki nzima! Ankunda aliwaza maziwa ya Nyabiyonza yakichacha kwenye madumu. Kisha akaona jicho la baba yake likielekea tena kwa Muhangi, naye Muhangi akiinamisha kichwa.

"Ni gundi," alisema Ankunda. Alimgeukia baba yake, sauti ikitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Ni gundi ya viatu, Tata. Niliipaka mimi. Na maji ya moto niliyamwaga mimi. Muhangi hakufanya kitu."

Jovitus aliondoa macho kwa Muhangi, akamtazama binti yake.

"Ya kichupa kidogo?" aliuliza Sperancia. "Vizuri. Sasa nimejua pa kuanzia."

Alichovya ncha ya sindano kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, akaigusisha kwenye gundi kidogo kidogo, kwa tahadhari isifike kwenye plastiki. Ile nyeupe ililegea, ikatoka vipande vipande. Kisha alitoboa kitundu kisichozidi mbegu ya mchicha kwenye ncha ya ufa, ili usiendelee mbele. Alimpa Ankunda kipande cha boksi akinge jua, dawa isije ikaganda kabla ya wakati. Ankunda alikishika kwa mikono miwili, akitazama viputo vya hewa vikitoka kimoja kimoja na dawa ikinyemelea ndani ya miale. Nyota ikafifia kama sukari kwenye chai.

Dawa ilipokuwa ikiganda chini ya taa ya zambarau, Jovitus alimsogelea Muhangi.

"Ndugu yangu, nilikukosea. Nilihukumu kabla ya kuuliza. Nisamehe."

"Nisamehe na mimi," alisema Ankunda, machozi yakimlengalenga.

Muhangi alishusha pumzi. "Jana kutwa nilijiuliza labda kweli nilirusha maji bila kujua. Mtu akishutumiwa, huanza kujitilia shaka. Yameisha, Ankunda. Nimekusamehe."

Sperancia alikwangua kioo kwa wembe, akakisugua kwa kitambaa. Ufa ulikuwa umebaki kama unywele mmoja.

"Huo hautoki, fundi?" aliuliza Ankunda.

"Hautoki wote. Ungekuja na nyota peke yake, isingeonekana hata kwa lenzi. Lakini ulichosema leo kimekiokoa kioo. Ningemimina dawa yangu juu ya gundi, ningekuwa nimefunika uchafu, na ufa ungeendelea chini yake."

Jovitus alimshika binti yake bega. "Kuuliza usiache, mwanangu. Udadisi ni mali. Ila uliza kabla hujashika. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako. Kioo kina fundi wake hapa Kayanga. Jina la mtu likishapakwa matope, fundi wake ni yule aliyelipaka."

"Nimeelewa, Tata."

Muhangi alipanda garini, akajisogeza hadi mlangoni, akapigapiga kiti kando yake kwa kiganja ili Ankunda aje akae.