Wi-Fi ya Bure Mjini Walikale

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe na kupeleka maziwa kwa wateja, Isimbi na mama yake, Vénantie, walipanda kilima kilicho nyuma ya kanisa la Nyabiondo. Huko juu simu ilishika mtandao, na ujumbe wa baba yake uliingia kwa mkupuo. Baba huyo, Papa Sebagabo, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye mgodi wa Bisie, ndani ya msitu. Tangu mwaka mpya hawakuwa wamemwona.

Likizo ilipofika, aliwaita wakutane Walikale. Walisafiri kwa pikipiki, njia ikiwa matope matupu. Walipofika, walipata chumba katika nyumba ya wageni karibu na soko. Mega za simu, yaani bando la intaneti, zilikuwa zimeisha njiani.

"Baki hapa," Mama alimwambia Isimbi. "Naenda soko kutafuta majani ya sombe na samaki. Papa yako atatoka Bisie kesho. Simu nakuachia, lakini usiichezee."

Isimbi alikaa kibarazani. Alitamani sana kumpelekea baba yake picha za safari. Akatazama mitandao iliyokuwa karibu. Mmoja ulikuwa na kufuli. Mwingine uliandikwa WIFI YA BURE. Akaugusa huo.

Ukurasa ulifunguka, ukaomba namba ya simu. Akaiandika namba ya mama yake. Punde ujumbe mfupi ukaingia ukiwa na tarakimu sita, na chini yake maneno ya Kifaransa: usimpe mtu yeyote namba hizi. Isimbi alikuwa darasa la sita. Aliyaelewa vizuri kabisa. Lakini alijiambia kwamba ule ulikuwa ukurasa tu, si mtu. Akaziandika zote.

Mtandao ulikuja kidogo tu. Kisha WhatsApp ikajifunga, ikaandika kwamba namba ya Mama sasa inatumika kwenye simu nyingine. Isimbi alibonyeza huku na huku. Aliposikia ndara za Mama uani, alizima Wi-Fi haraka.

"Simu iko muzuri?" Mama aliuliza.

"Iko muzuri, Mama."

Mama alipika, wakala. Mama alipokuwa akiosha vyombo, simu ililia. Alikuwa shangazi Drocella, dada ya baba yake, akipiga kutoka Masisi. Sauti yake ilijaa machozi.

"Vénantie! Mutoto angali na pumzi?"

"Mutoto gani?"

"Si ni Isimbi! Si umetuandikia kwa WhatsApp kwamba ameanguka na pikipiki, iko hospitali ya Walikale, tutume feza kwa namba mupya? Sebagabo ametoka Bisie anakuja mbio!"

"Mimi sikuandika kitu, dada. Mutoto iko hapa mbele yangu, muzima."

Isimbi angeweza kunyamaza tena. Lakini alimfikiria baba yake kwenye barabara ile ya matope, mvua ikiwa imeanza kunyesha. Akaangua kilio.

"Mama, ni mimi," alisema, akaeleza yote.

Mama hakumpiga. Alipiga simu ya Papa, tena na tena. Haikupatikana, kwa kuwa njia ya msituni haina mtandao. Akamshika Isimbi mkono, wakavuka barabara hadi kwa Mama Godelieve, mwenye duka la kuchaji simu. Ule mtandao wenye kufuli ulikuwa wake.

"Ile ya bure sijui mwenyewe ni nani," Mama Godelieve alisema akitikisa kichwa. "Kuna muntu aliitega kama mutego wa panya. Lete simu. Tutaingiza namba yako tena ku WhatsApp, kode mupya, zile namba sita, itakuja hapa kwako, ndipo mwizi atatupwa inje."

Ikawa hivyo. Mama aliwaandikia ndugu wote wasitume kitu. Lakini Papa hakujibu.

"Atakwenda wapi kwanza?" Mama Godelieve aliuliza. "Si ku hospitali? Mumungojee kule."

Walisimama penye lango la hospitali, mvua ikiwapiga. Kila pikipiki iliyopita, Isimbi alitazama kama ni Papa. Hatimaye Papa alifika, ametapakaa matope hadi usoni. Shati lilikuwa limechanika, na damu ilitiririka mkononi. Alishuka kabla pikipiki haijasimama, akamshika Isimbi kichwa, mabega, miguu.

"Uliumia wapi? Onyesha Papa!"

"Sikuumia, Papa. Kosa iko yangu."

Muuguzi alipokuwa akimsafisha kidonda, Papa alimsikiliza binti yake mpaka mwisho. Alikunja uso kwa maumivu.

"Kuweka ile kode, ulidanganywa," alisema. "Hata mukubwa anaweza kudanganywa. Sasa umejua: ukiwa mu safari, uliza kwanza mutandao iko ya nani, na kode ya simu usiiandike mahali usipojua. Lakini Mama alikuuliza, ukasema iko muzuri. Ungesema kweli saa ile, angenipigia nikiwa bado Bisie, kwenye mutandao. Uongo ule ndio uliniangusha na pikipiki, mwanangu. Ukikosa, sema palepale, hata kama unatetemeka."

"Ndiyo, Papa."

Muuguzi alianza kushona kidonda. Papa alinyoosha mkono wake mzima, akaukamata wa Isimbi, akaubana kwa nguvu kila sindano ilipoingia. Vidole vilimuuma Isimbi, lakini hakuutoa mkono wake.