Namba Tatu za Sufuri

Haya sikuhadithiwa na mtu. Shoka nililishika mwenyewe.

Shemeji yangu, mume wa dada, tulimwita Sufuri. Siku za kazi alikuwa fundi wa mashine ya kukatia karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji. Jumamosi, wenzake wakienda kutazama mpira, yeye alikaa sebuleni akiiandikia kompyuta kuukuu programu kwa lugha ya mashine yenyewe, namba moja moja, bila faida yoyote. Starehe yake ilikuwa kufupisha. Akiokoa namba mbili, anacheka peke yake kama aliyepata mtoto.

Kompyuta hiyo aliiokota kwenye vyuma chakavu vya kiwanda kilichofungwa. Ndani yake alikuta programu fupi ya mtu mwingine, ya kuendesha kisu cha karatasi. Mwishoni palikuwa na kumi, imekaa peke yake.

"Tazama, shemeji," akaniambia. "Hapa kisu kinasubiri mikono yote miwili ibonyeze vitufe, ndipo kishuke. Zinazosubiri ni hizi namba tatu. Nikizitoa, programu inapendeza!"

"Si kisu kitashuka ovyo?"

"Kisu kipi? Hapa kuna meza ya dada yako tu!"

Tukacheka. Akazitoa. Mzaha mzaha, hutumbua usaha.

Jumatatu, saa nne asubuhi, mashine ya kazini kwake, ambayo haikuwa na kompyuta hata kidogo, ilishusha kisu bila kuguswa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini, unanyoosha karatasi. Vidole vinne vikaenda, kikabaki gumba. Damu ililowesha rimu nzima ya karatasi. Wenzake walipekua hadi chini ya mashine. Vidole hawakuviona, wala pete ya ndoa.

Hospitalini alimshika dada kwa mkono uliobaki, akanong'ona, "Rudisha zile namba. Kabla hakijashuka tena."

Tulikimbia nyumbani. Kompyuta ilikuwa inawaka. Ile kumi ilikuwa sasa sita.

Dada akaandika namba ya kwanza, akiisoma kwenye daftari la mumewe. Ikafutika. Akaandika tena. Ikafutika. Nikachomoa waya ukutani. Kioo hakikuzimika.

"Ondoka hapo," nikamnong'oneza.

Nikaleta shoka. Nilikuwa na hofu, na hasira zaidi ya hofu. Nikapiga kioo. Nikapiga bati. Ndani kikalia kitu, mlio wa mtu aliyebanwa. Sikuacha. Nikapiga hadi meza ikapasuka, na damu ikachuruzika kutoka kwenye nyaya.

Nikashusha shoka.

Kipande kimoja cha kioo kilikuwa bado kinawaka. Kilionyesha moja.

Ndipo simu ya dada ikaita. Ilikuwa hospitali. Muuguzi alikuwa analia, anauliza nani ameingia wodini na shoka.

Shemeji yu hai. Dada humlisha kwa kijiko, na mimi siwezi kumtazama usoni.

Kwenye mabaki ya kompyuta tuliokota pete yake, ikiwa bado ya vuguvugu. Chini yake palikuwa na pete nyingine, nyeusi kwa ukuukuu. Hiyo ninayo kabatini. Mfupa ulioivaa nimeshindwa kuutoa.